Bahari Ilikuwa Hapa

Benchi la kijiwe chetu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, ukutani kwa kinyozi, na komeo lake bado linaning'inia. Mbele yake, ukinyoosha mguu tu unafika, ndipo kilipo kisima cha mtaa. Au tuseme shimo, maana kisima ni maji. Mahali pale walipachagua wana kijiwe wenyewe: walinyoosha mikono, wakakubaliana kichimbwe hapo hapo, Bi Birika muuza kahawa asihangaike na ndoo. Fuko, mchimbaji, alikuwa ameshaonja udongo wa kule bondeni penye matete akaukuta baridi ulimini. Alijua. Lakini mtu akishazoea kivuli na kahawa ya moto, neno "hapana" humkwama kooni, na Mungu atuhurumie, wengi wetu tumepotelea hapo hapo. Sasa hata matete yamekauka yakawa kuni, mtaa unahama nyumba moja moja, na asubuhi hii mke wa Fuko alimwambia bila kupandisha sauti: ndoo ikipanda kavu leo, nawachukua watoto naenda kwa baba. Ndoo ilipanda na jiwe. Ndani ya jiwe mlikuwa na gamba la kombe.

— Hili ni kombe la baharini, alisema Redio, fundi wa redio, akiligeuza kama anayetafuta mahali pa betri. Limegeuka jiwe. Hapa, ndugu zangu, palikuwa bahari.

— Wee! Kinyozi alicheka. Kutoka hapa hadi baharini hata barua inachoka njiani.

— Nakwambia ilikuwa hapa! Juu ya kichwa chako. Papa anapita pale penye kioo chako.

— Basi alikuwa anakuja kunyolewa.

Walicheka. Fuko naye alicheka, mikono bado imeshika kamba. Hakutaka kwenda nyumbani. Nyumba yake ilionekana kutoka pale benchini, mlango wazi, mkewe akikung'uta mkeka na kuukunja.

— Tuanzie mwanzo, alisema Bi Birika akimimina. Kabla ya hiyo bahari palikuwa na nini?

— Hapakuwa na kitu, alijibu Redio. Nimewasikia wataalamu hewani. Jua, mwezi, hilo birika lako, vyote vilibanwa mahali padogo kuliko punje ya ulezi. Pakavimba. Mpaka leo panavimba.

— Ndiyo wahenga wakasema haba na haba hujaza kibaba, alisema Kinyozi.

— Haba na haba ni kuweka akiba, bwana! Hapa ni vitu kutawanyika.

— Huwezi kutawanya usichoweka. Aliyeweka ni Mungu.

— Hapo umesema, Bi Birika aliitikia. Alitia hamira. Hakuna unga unaoumuka wenyewe.

— Na maji? Fuko aliuliza. Yalitoka wapi?

— Wengine wanasema mawe ya angani, alisema Redio. Yalianguka na barafu yake. Dunia ilikuwa moto kama kikaango. Ilipopoa ikanyesha mvua, miaka na miaka, haipumziki.

— Miaka! Bi Birika alishika kifua. Na sisi tunaomba dakika kumi.

— Kwenye maji hayo ukatokea ute. Ute, baada ya siku nyingi sana, ukawa samaki. Samaki mmoja akatoka nchi kavu.

— Aliambiwa asitoke, Kinyozi alidakia. Asiyesikia la mkuu huota guu.

— Huvunjika guu, siyo huota!

— Atavunjikaje kabla hajaliota?

— Lakini alitoka kwa nini? Fuko aliuliza.

Redio alikuna kidevu. — Pengine bwawa lake lilikuwa linakauka.

Kinyozi, ambaye hapendi ukimya hata mtu akiwa chini ya wembe, alijitosa:

— Nyie hamjui utu ulianzia wapi. Mtu wa kwanza alikuwa na nywele mpaka magotini. Akajinyoa mbele, akajinyoa ubavuni, kisogo kikamshinda. Kinyozi hajinyoi! Akamwita jirani. Sasa, jirani asimame nyuma yako na jiwe kali, na asikuchinje: hapo ndipo ulipoanza ustaarabu. Wengine wakawa wanasubiri zamu, likazaliwa benchi. Benchi likazaa maneno, maneno yakazaa wafalme.

— Kwa hiyo benchi lilitangulia nyumba? Redio aliuliza.

— Lilitangulia hata ndoa!

— Acha uongo, alisema Bi Birika. Watu walikuwa wanatangatanga tu. Siku moja mwanamke akapata pa kuchota, akatua mtungi chini, akasema: hapa. Ndipo pakawa na jiko, na jina la mtaa, na kaburi la kwenda kulilia. Yote yalianzia mtungini.

— Na wakikosa pa kuchota? Fuko aliuliza.

Bi Birika hakumtazama Fuko.

— Wanaubeba mtungi, mwanangu.

Fuko alililamba lile jiwe. Lilikuwa vuguvugu. Kila siku kabla ya kushusha jembe alikuwa akiomba kule chini, na leo dua yake ilimrudia mwenyewe, kama sauti ndani ya debe tupu. Sasa alielewa alikuwa amesimama wapi: kwenye sakafu ya bahari, akiomba maji mahali ambapo maji yalishaishi maisha yao yakaenda zao. Hakuchelewa mwezi wala mwaka. Alichelewa tangu hajaumbwa.

Mkewe alifika na furushi kichwani, watoto wao pacha wamemshika nguo huku na huku.

— Habari za hapa.

— Nzuri, shemeji! Kinyozi aliruka. Njoo uone, mumeo kavua bahari!

Alilipokea jiwe, akalitazama, akawashushia pacha mkono wake waliguse. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayesoma jina la marehemu anayemjua.

— Palikuwa bahari hapa?

— Tele, shemeji, alisema Redio. Huoni mwisho.

— Yalikwenda wapi, maji yote hayo?

Kinyozi alitafuta methali. Hata ile isiyohusika haikuja. Bi Birika aliinamisha birika amkaribishe mgeni kikombe, yakaanguka machicha ya kahawa. Akalitikisa. Machicha tena.

— Inukeni, alisema Fuko.

— Kuna nini?

— Inukeni, ndugu zangu. Kuna watoto wa watu mtaani.

Waliinuka. Fuko alishika mlango upande mmoja, Redio upande mwingine, wakaubeba, wakaulaza juu ya shimo. Ulienea vizuri, kama uliopimwa. Fuko akaweka matofali pembeni, na katikati, karibu na komeo, akaweka lile jiwe lenye kombe. Kisha akampokea mkewe furushi, akambeba pacha mmoja, akasema kwaherini.

Kinyozi aliangaza huku na huku, kikombe kitupu mkononi, akitafuta pa kukaa.