Msimnuse Ndugu Yenu

Sogeeni, wanangu, mnisikilize nikiwa bado na sauti, maana tangu jana naiona inaniponyoka, na wewe karani, kifungua mimba wangu, zima hiyo simu, ofisi yenu haitafungwa kwa sababu umemsikiliza baba yako robo saa. Binti yangu, niinue kidogo mto. Na wewe Msasa, kitinda mimba, usisimame mlangoni kama mgeni, njoo ukae hapa miguuni pangu, kwa sababu mengi ya leo yanakuhusu wewe.

Nyumba hii ni yenu nyote watatu, asiuze mtu. Karakana namwachia Msasa, pamoja na meza, misumeno na jina langu lililo juu ya mlango. Karani, nimeliona hilo paji lako likikunjamana. Najua bado una kinyongo cha randa ya babu yenu, ile ndugu yako aliyoiuza enzi za ulevi wake, na hata mimi iliniuma, lakini nimeshamsamehe, na nikiondoka msimfufulie jambo hilo. Unajiuliza nampaje karakana mtu aliyekuwa akiokotwa mtaroni. Ngoja nikwambie nilichokiona, kisha uniambie kama kuna mwanamume shupavu kumzidi huyu katika ukoo wetu, mimi nikiwemo.

Alipoacha pombe, mnakumbuka, niliifungia kabatini spiriti tunayoyeyushia polishi, ufunguo nikauvaa shingoni, huu hapa. Na kila asubuhi akiingia kazini nilimwita aje anishikie ubao. Ubao haukuhitaji kushikwa. Nilikuwa namnusa. Dada yake alimnusa akimpa chai, na wewe karani ulikuwa ukimkumbatia kila Jumapili kwa upendo ambao hatukuwahi kuuona kwako kabla ya hapo. Pumzi ilikuwa safi mwezi baada ya mwezi, nasi tukapongezana utadhani sisi ndio tulioacha. Hakuna aliyemtazama machoni. Alikuwa amekonda, anajibu kwa neno moja, kicheko kimepotea, anafika kazini amechoka kabla hajagusa kitu. Mimi nikasema ametulia, ndiyo utu uzima huo.

Kisha ikaja asubuhi ya mlango wa kabati la mwalimu mkuu. Mlango ule ulikuwa umebandikwa ganda jembamba la mbao nzuri juu ya ubao wa kawaida, na kazi ya Msasa ilikuwa kuulainisha tu. Mnajua jina hilo alilipataje: tangu utotoni vidole vyake vinajua pa kuishia. Siku ile alipiga msasa hadi ganda likaisha, ubao wa chini ukatokea, naye akaendelea, mkono unakwenda na kurudi, macho yako kwingine. Nilimfokea, hakushtuka. Aliweka kazi chini akaniambia, "Baba, kila asubuhi unaninusa. Harufu ya pombe huisikii kwa sababu haipo. Lakini na mimi sipo." Akanieleza kwamba halali, chakula hakina ladha, na siku nyingine anatamani asiamke kabisa, na mawazo hayo yanamtisha kuliko pombe ilivyowahi kumtisha. Akasema kesho yake, Jumanne, anakwenda hospitali, akaniomba nimsindikize.

Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikamjibu kwamba aliyeishinda pombe hawezi kushindwa na mawazo, ajikaze. Naona aibu hadi leo. Akaenda peke yake. Nilimwona akipita mbele ya karakana, shati limepigwa pasi, anaburuta miguu kama anayepanda mlima, lakini anakwenda, na nikajua kwamba mimi kwa uoga wangu nisingemaliza hata hatua kumi za njia ile. Nikafunga mlango nikamfuata na aproni yangu yenye vumbi, nikamkuta kwenye benchi la hospitali. Alisogea akanipa nafasi nikakaa.

Daktari, mama mmoja asiye na papara, alitueleza kwamba huo ni ugonjwa, unaitwa sonona, huwapata wengi walioacha pombe, na si uvivu wala kukosa shukrani. Mimi nilielewa kifundi: ukibandua rangi ya zamani unaweza kukuta ufa uliokuwepo siku zote. Akapewa dawa, na kila Jumanne akawa anakwenda kuzungumza naye. Karani, ulisema ametoka kwenye chupa ameingia kwenye vidonge. Mbona wewe unameza dawa ya presha kila asubuhi na hakuna aliyekuita mlevi? Haikuwa rahisi. Aliwahi kujiona amepona akaacha dawa bila kumwambia daktari, akazama tena, ila safari ile hakungoja hadi aharibu mlango wa mtu, alirudi hospitali mwenyewe. Kwa hilo namvulia kofia.

Ufunguo huu wa kabati, binti yangu, uchukue wewe. Nilitaka kumvisha yeye, kuonyesha kwamba namwamini, akakataa bila kuona aibu, akasema ukae kwako. Mtu anayejijua namna hiyo ndiye ninayemwachia jina langu.

Nipe maji. Kidogo tu.

Nikiondoka watu watajaa hapa, na wapo watakaomsogelea wamnuse, kwa kuwa msiba huwarudisha wengi kwenye chupa. Nyinyi msimnuse. Mwulizeni amelalaje, kisha ngojeni jibu, hata likichelewa. Akianza kujibu kwa neno moja, fuataneni naye hospitali, na asiwepo wa kumwambia ajikaze. Keshokutwa ni Jumanne. Ikiwa ndiyo siku ya kunizika, Msasa aende kwanza kwa daktari wake, mazishi yangoje hadi arudi. Mimi sitakuwa na haraka.

Karani, mshike mkono ndugu yako. Hivyo hivyo. Nimewapenda wote, hata siku nilizofoka. Mungu awalinde... mikono yenu isikose kazi, na nyumba hii isikose mtu wa kuuliza habari za mwenzake.

Msasa, sogea. Zaidi. Hapana, sikunusi, pua yenyewe imeshachoka... Nitazame. Umelalaje, mwanangu?

Usiharakishe. Nasubiri.