Bi Deolinda Falé na Njia ya Kwenda kwenye Jiwe

Bi Deolinda Falé alizaliwa tarehe 11 Mei 1941 katika kijiji hiki cha Vale de Rolas, Alentejo, nchini Ureno, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Jacinto na Bi Perpétua Caeiro. Mimi ni Amadeu, mtoto wa kaka yake. Nimeombwa nisome wasifu huu kwa upole. Nitajaribu.

Alisoma shule ya hapa kijijini hadi darasa la tatu, kisha akatolewa kwenda kuvuna ngano. Kuanzia mwaka 1975 hadi 2004 alikuwa mpishi wa shule ileile, na wengi wenu mmekula supu yake ya mkate na kitunguu saumu, mkaomba kuongezwa.

Jumatatu ya Pasaka mwaka 1960 alikwenda kwenye Jiwe la Wachumba, lile refu la kale lililosimama mashambani, kama wasichana wote wa hapa, kulirushia kokoto kwa mkono wa kushoto huku ameligeuzia mgongo. Kokoto likikaa juu ya jiwe, unaolewa mwaka huo. Kila linaloanguka ni mwaka mmoja wa kungoja. Mawili yalianguka. La tatu lilipitiliza, likampata Custódio Falé, mchunga kondoo, aliyekuwa amelala upande wa pili.

"Dada, umenitoboa kichwa," Custódio alilalamika. "Nani atanikubali na kovu hili?"

"Kwani kabla ya kovu kulikuwa na foleni?"

Walifunga ndoa tarehe 7 Oktoba 1962, wakajaliwa binti mmoja, Graça. Custódio alifariki mwaka 1998.

Nyumba ya shangazi ni ya mwisho kijijini, na njia ya kwenda kwenye jiwe inaanzia mlangoni pake. Wageni waliokuja na ramani zao aliwapa maji na zeituni, akawafikisha mwenyewe. Mwalimu mmoja wa Uholanzi, Bi Marijke, alikuja mara sita. Mara ya kwanza aliuliza umri wa jiwe.

"Wanasema miaka elfu sita," shangazi akamjibu. "Mama mkwe wangu alikuwa mkubwa zaidi, ila yeye alikuwa anaongea."

Mwaka 2021 kampuni ya mizeituni ilinunua mashamba yote yale, ikaziba njia kwa waya. Halmashauri ikasema njia itabaki ya umma iwapo watapatikana mashahidi kwamba watu wanaipita tangu zamani. Shangazi akazunguka na karatasi nyumba kwa nyumba. Mlimpa kahawa na keki. Saini hamkumpa. Watoto wenu wameajiriwa kule, najua. Mimi naendesha trekta lao.

"Shangazi, ni jiwe tu," nilimwambia.

"Na mkeo ulimpatia wapi, bwana? Ofisini kwao?"

Nilimpata palepale kwenye jiwe, na bado sikutia saini. Barua moja tu ilifika halmashauri, ya Bi Marijke, nayo ikakataliwa kwa kuwa si mkazi. Mgeni aliyekuja mara sita alikumbuka njia ambayo sisi tuliozaliwa hapa tulijifanya hatuijui. Nina hasira, na sitaomba radhi kwa hilo.

Shangazi aliendelea kuipita kila siku, akiinama chini ya waya akiwa na miaka themanini na miwili, ili asitokee mtu wa kusema njia imekufa. Tarehe 4 Machi 2024 alikuta wameongeza waya wa chini. Akapanda juu, akaanguka, akavunjika nyonga. Alifariki hospitalini Évora tarehe 21 Machi. Cheti kinasema homa ya mapafu. Mimi nasema ni waya ule, na saini zilizokosekana, yangu ikiwa ya kwanza.

Ameacha binti yake Graça, mkwe wake Rui, wajukuu wawili, Inês na Tomé, na mimi.

Karatasi yake ya mashahidi iko hapa juu ya jeneza, na kalamu. Jina langu limeshaandikwa. Wachimba kaburi wamekubali kungoja. Mungu ampe pumziko shangazi yetu. Nyinyi piteni mbele, mmoja mmoja.