Maryambai Hajawahi Kuunguza Biskuti

Ndugu mfanyakazi mwenzangu, kabla hujaendelea nakusihi: isome karatasi hii ukiwa peke yako, usiipige picha, usiitaje kwenye kundi letu la simu, na ukimaliza ichome. Wasifu uliochapishwa kwenye ratiba ya sherehe ya kumuaga Maryambai ulipita mezani kwa Meneja Baraka. Huu haukupita. Nimeukunja chini ya biskuti zako za sherehe kwa sababu walinzi wa getini hukagua kila mfuko wakitafuta korosho, ila mfuko wa biskuti za Maryambai hawajaugusa hata siku moja.

Maryambai amekitumikia kiwanda chetu cha korosho kwa miaka ishirini na tisa, na anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Alitoka Mikindani baada ya duka la baba yake kufungwa, akaja kumshikia nafasi mama mmoja aliyekwenda kujifungua. Mama yule hakurudi. Maryambai akabaki na jiko la ofisi, oveni ya gesi, na dirisha linalotazama ghala.

Biskuti zake kila mtu amezila, na wengi wamejaribu kuzioka nyumbani wakashindwa, ingawa hakuna kazi rahisi kuliko hiyo. Ni unga wa ngano, siagi, sukari iliyosagwa, hiliki na chumvi kidogo. Mayai hayamo. Siri iko kwenye siagi. Joto la Mtwara huiyeyusha kabla hujaichanganya, kwa hiyo alioka alfajiri, bakuli likiwa ndani ya beseni la maji ya baridi. Aliuchanganya unga kwa ncha za vidole, akakemea yeyote aliyeukanda. "Unakanda chapati hapo? Utatuvunja meno!" Juu ya kila moja alibonyeza kipande cha korosho kwa dole gumba. Zikitoka motoni hakuruhusu mtu kuzigusa. Biskuti ya moto ni laini, ukiishika inavunjika. Ukiiacha ipoe inajikaza yenyewe.

Mohamedi dereva alimchokoza kila siku. "Maryambai, biskuti zako zitanivunjia ndoa. Mke wangu ananusa shati, anauliza ni nani huyo wa hiliki."

"Mwambie ni bibi kizee wa Shangani mwenye kisukari," alijibu. "Atalala usingizi mnono."

Sasa yale ambayo hayakuandikwa kwenye ratiba.

Mwanzilishi wa kiwanda, marehemu Mzee Mohsinali, hakupenda mtu atoke kwake na tumbo tupu. Aliyeachishwa kazi aliitwa ofisini, akaandaliwa chai na sahani ya biskuti, ndipo akaambiwa. Mzee alifanya hivyo kwa huruma, na nadhani wakati ule ilionekana huruma. Waliomfuata waliirithi sahani tu. Ni ile nyeupe yenye maua pembeni, ya mtu mmoja. Wageni na vikao hupelekewa sinia. Sahani ya maua haina kazi nyingine. Ikionekana inapita kwenye ukumbi, mashine ya kuhesabia inaendelea kulia lakini watu wote wameinamia meza zao.

Mwaka ambao Maryambai alilazwa kwa malaria, biskuti zilinunuliwa dukani, na aliyeitwa alikuwa Joshua wa mizani. Asubuhi hiyo alikuwa ametutangazia kwamba binti yake amefaulu. Alitoka kwa mlango wa nyuma, hakufika nyumbani. Walimpata siku ya tatu kwenye mikoko, hai, miguu imechanwachanwa na maganda ya chaza. Hadi leo ukikutana naye Magomeni ya hapa Mtwara anakusalimia kwa adabu, kama mtu asiyekujua.

Maryambai aliporudi alimwita Theresia, katibu muhtasi, ambaye ndiye huleta agizo la sahani siku moja kabla. Akamwambia hataoka tena bila kujua ni ya nani. Akatoa sababu kwamba lazima ajue kama mtu huyo ana kisukari, asije akamtilia sukari kwenye chai. Theresia akaanza kumtajia majina.

Tangu hapo, kwenye chai ya saa nne, alipita na bakuli akigawa biskuti moja moja. Akimfikia mwenye sahani ya kesho alipitisha mkono na kusema polepole, "Yako imeungua, mwanangu." Wakati hajawahi kuunguza hata moja.

Idrisa wa boila, kijana wa Ziwani, alipoambiwa hivyo alicheka. "Nipe hiyohiyo nyeusi, mama. Sisi wa Ziwani hatuchagui." Hakuna aliyecheka naye. Alitutazama mmoja mmoja, akakiweka kikombe chini. Lakini kesho yake alikuja amevaa shati la sikukuu, zana zake ameshazifunga, na mkewe anamngoja getini. Waliondoka wakitembea pamoja. Hiyo ndiyo kazi ambayo Maryambai ametufanyia. Hakumwokoa mtu yeyote asifukuzwe. Alimpa usiku mmoja wa kuzungumza na watu wake. Wala hakuwatembelea waliofukuzwa siku ileile. Alikwenda siku ya tatu, na mfuko wa biskuti mkononi.

Wiki mbili zilizopita Theresia alileta agizo akiwa ameangalia sakafu. "Jina sijaambiwa, mama. Nimeambiwa tu chai isiwe na sukari."

Kiwandani kwetu anayekunywa chai bila sukari ni mmoja.

Alioka kama kawaida. Saa nne aligawa, kila mtu akapata, kisha akaketi na bakuli tupu la biskuti na kusema, "Leo imeungua yangu." Mohamedi alitoka nje. Kesho yake aliibeba sahani mwenyewe, akagonga mlango, akaingia. Ratiba inasema amestaafu kwa hiari.

Maryambai ameondoka jikoni, ila oveni imebaki. Mimi karani wa masjala niliyekuwa nikimsaidia kusaga sukari nimeambiwa ndiye nitakayeoka. Jana, mapema kuliko kawaida, Theresia ameniletea agizo la kwanza, sahani ya maua, Jumatatu. Jina hakuna. Chai iwe na sukari. Karibu kiwanda kizima tunakunywa hivyo, na mimi nimo.

Sina jicho la Maryambai, na siwezi kungoja chai ya saa nne ya Jumatatu, siku yenyewe ya sahani. Basi mfuko huu uchukulie kuwa ndiyo ile biskuti yako iliyoungua, hata kama umejaa. Sote tuwaambie wa nyumbani Jumamosi hii kwamba huenda ni sisi. Jumatatu tuje na mashati mazuri, na wa kutungoja getini.

Maryambai, asante kwa kila usiku uliotupa. Mungu akupe afya, alfajiri za kulala, na wajukuu wanaokanda unga kwa fujo bila kukemewa.

Anayetaka kunipata, asinipigie. Simu yangu ni ya ofisi. Jumanne, kama dirisha la jiko liko wazi, niko ndani. Likiwa limefungwa, ulizia Magomeni nyumba ya shangazi yangu Mwanaidi, mshonaji, mlango wa kijani. Usije siku ileile. Njoo siku ya tatu, nitakuwa nimepoa.