Mbao Zilinikataa Doha

Jina la Bwana litukuzwe asubuhi hii ya Ijumaa, ndugu zangu! Hiyo Amina ya chinichini naona ni ya wale waliotoka zamu ya usiku. Nawaelewa, walinzi wetu mmekuja hapa kanisani Mesaimeer bila kulala. Lakini naomba nyingine. Amina! Haya, sasa najua tupo.

Kwa mgeni asiyenijua, mimi naitwa Beatus, mtu wa Kusini mwa Tanzania, Masasi. Najua ukisikia Masasi unafikiria korosho tu. Mimi ni seremala, mtoto wa seremala. Wala si seremala wa kuunga vipande vya kabati vilivyotoka kiwandani. Nipe ubao uliokuwa mti kweli, nipe randa na patasi, halafu kaa pembeni uone kazi! Sijisifu, ndugu zangu. Au tuseme najisifu kidogo, kwa sababu leo nina haki ya kumsifu aliyenipa hii mikono.

Sasa sikilizeni. Sisi mafundi wa Kusini tuna jambo moja: tunabana. Baba yangu alikuwa akitengeneza meza, anaibana kwa gundi, kwa vijiti vya mbao na kwa misumari, pande zote, mpaka uso wa meza na fremu yake vinakuwa kitu kimoja. Akimaliza anapanda juu na viatu vyake, mbele ya mteja, anaruka! Meza ikilia hata kidogo, anaivunja mwenyewe na kuanza upya. Nilikulia hapo. Kuacha nafasi kwenye kiungo, kwa fundi wa kwetu, ni aibu sawa na kutoka nje bila shati.

Kwetu pia mjomba ni mtu mkubwa. Baba anakulea, lakini mjomba, kaka wa mama yako, ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ndoa yako, safari yako na mengine yote. Nilipopata safari ya kuja Qatar, mjomba wangu alikuja nyumbani na dawa ya safari, kitu kidogo kimeshonewa kwenye kitambaa cheusi. Akataka akifunge ndani ya sanduku langu la vifaa. Mimi nilikuwa nimeshaokoka, mimi na mama yangu pamoja. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamwambia, "Mjomba, unisamehe. Hicho siwezi kukibeba."

Ndugu zangu, mjomba aliinuka hata chai hajaimaliza. Akanitazama, mama yangu yupo, akasema, "Basi nenda. Lakini mbao zitakukataa huko uendako." Akaondoka.

Nikaja Doha na hilo neno. Sikulipakia kwenye sanduku, lakini nililibeba.

Nilifikia kwenye karakana moja kule Sanaiya, eneo la viwanda, miaka ile barabara zote zimechimbwa kwa ajili ya metro na vumbi lilikuwa chakula chetu cha pili. Karakana yenyewe kazi zake nyingi zilikuwa za mbao za unga wa kushindiliwa, makabati ya hoteli. Lakini mudir wetu, yaani meneja, alitaka fundi mmoja wa samani za mbao halisi, za mkono, kwa sababu kulikuwa na wateja waliochoka na zile za kiwandani. Huyo fundi nikawa mimi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mzee wa kule Al Rayyan, pembeni ya Doha. Wanawe na wajukuu hukusanyika kwake kila Ijumaa kula chakula cha mchana, na yeye alitaka meza moja ndefu ya mtiki, watu wote wakae pamoja. Nikafurahi! Ulikuwa ule msimu ambao joto la Doha linachanganyika na unyevu, unatoka nje shati linakuganda mgongoni, na karakana yetu haina AC. Nikajiona niko Lindi, kule pwani ya kwetu. Nikaranda, nikachonga miguu, nikabana ile meza kama nilivyofundishwa. Nilipomaliza nikapanda juu, nikaruka. Kimya! Mudir akapiga makofi. Meza ikaenda Al Rayyan.

Haikukaa. Mudir akapigiwa simu, tukaenda, nikaona kwa macho yangu. Ufa ulikuwa umeanzia kichwani mwa meza ukaja mpaka katikati, kama mtu amepasua muhogo. Mudir hakunifokea siku ile. Akasema mbao nyingine huwa na kasoro, tengeneza nyingine.

Nikatengeneza nyingine. Na mimi, kwa akili zangu za Kusini, nikaona kosa ni kwamba sikubana vya kutosha! Nikaongeza gundi, nikaongeza skrubu, nikaibana mpaka nikaihurumia. Hiyo ya pili haikupasuka kimyakimya. Ilipasuka familia imekaa inakula, kwa mlio, wajukuu wakapiga kelele wakakimbia na wali mdomoni. Mtoto mmoja wa yule mama alimwambia mudir maneno ambayo siwezi kuyasema mbele ya madhabahu.

Mudir akaniita ofisini. Akasema, "Beatus, mimi nakupenda, kazi yako nzuri. Lakini ya tatu ikipasuka, khalas, imekwisha. Nakukatia tiketi."

Hapo ndipo lile neno la mjomba lilipoamka. Mbao zimenikataa! Nitarudi Masasi, na ukoo mzima utasema, si mnamwona, alikataa dawa ya wakubwa, mbao zikamkataa. Na mama yangu je, aliyesimama upande wangu siku ile? Wangemwambia, "Yuko wapi huyo Yesu wenu?" Ndugu zangu, kurudi nyumbani si aibu. Mimi nilichoogopa ni Yesu kuchekwa kwa ajili ya meza yangu.

Niliogopa mpaka nikaanza kuogopa mbao. Mimi! Nikishika patasi nairudisha sandukuni. Sahani ya chakula naisogeza pembeni. Mwenzangu wa chumbani, Chande, mtu wa Nachingwea, yupo pale nyuma anacheka, na acheke tu, aliniona vile naisha. Akaniambia, "Bea, sikiliza. Hili jambo ni la nyumbani, limalize nyumbani. Siku hizi waganga wanatibu kwa simu." Kwa huruma yake akampigia mmoja anayemfahamu, akanipa simu nisikilize. Nikaiweka sikioni. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa! Akajaribu tena. Haipatikani! Nikamrudishia simu yake. Ndugu zangu, Mungu akitaka kukuokoa anaweza kutumia hata mtandao mbovu!

Basi nikafunga na kuomba. Nikazisimamia zile mbao za meza ya tatu, nikazikemea! Nikazipaka mafuta ya kupikia kwa jina la Yesu, kipande kwa kipande. Mudir akapita akaona fundi wake anapigia mbao kelele, akageuza njia. Nilikuwa nataka moto ushuke, mapepo yatoke kwenye mtiki yakilia. Hakikutoka kitu. Ila mbao zilinuka alizeti.

Ijumaa iliyofuata nilikuja hapa, nikakaa safu ile ya kushoto, chini ya AC kabisa. Sikuja kuimba. Nilikuja kumwambia Mungu kwamba nimeshindwa. Wakati wa kusalimiana akapita Sista Nekesa, dada yetu wa Bungoma anayepokea wageni mlangoni, mnamjua, macho yake hayaachi kitu. Akanishika mkono, akaniangalia usoni, akasema, "Ai, braza! Hiyo lips yako imepasuka vibaya, mpaka inatoa damu. Na unakaa chini ya AC? Hii AC ya Doha inanyonya maji yote kwa mwili. Shika hii vaselini, paka kidogo. Ukikaa hivyo utapasuka tu."

Nikapaka. Kidole bado kiko mdomoni, nikasikia mwili mzima umesisimka. Utapasuka tu!

Ndugu zangu, sikusikia mahubiri ya siku ile. Mchungaji unisamehe. Nilikuwa Al Rayyan, kwenye chumba cha kulia cha yule mama, chumba chenye baridi kama friji mchana na usiku. Na mbao zangu nilizichukua kutoka wapi? Kwenye karakana ya jasho, zimeshiba unyevu wa Doha. Nikaziingiza mle ndani, ile AC ikaanza kuzinyonya kama ilivyoninyonya mdomo. Ubao ukikauka unasinyaa, na huu wangu ukataka kusogea. Utasogea wapi, na mimi nimeubana kila upande kwa gundi na skrubu, kama baba alivyonifundisha Masasi ambako hakuna nyumba yenye baridi hiyo? Hauna pa kwenda. Unapasuka! Na kadiri nilivyobana ndivyo ulivyopasuka zaidi. Mjomba hayumo! Hakuna aliyeniroga! Nikaruka kwenye kiti, na kwa bahati nzuri kwaya ilikuwa inaimba, watu wakadhani ni Roho. Na mimi nasema ni Roho yule yule.

Jumamosi nikamwendea mudir, nikamwomba mbao za meza ya tatu zikae ofisini kwake, kwenye AC, kabla sijaziunga. Akakubali huku akishangaa. Kwa wiki kadhaa mudir aliruka mbao kila alipoitaka meza yake ya ofisi, na kila akiruka ananitaja jina, sijui kwa baraka au kwa nini. Zilipokauka vizuri nikaunga. Lakini safari hii uso wa meza sikuugundisha kwenye fremu. Nikatoboa matundu marefu ya skrubu badala ya ya duara, ili ubao ukitaka kusogea usogee.

Msidhani ilikuwa rahisi! Mkono wangu wote ulikuwa unataka kubana. Nilimwona baba amesimama pale na viatu vyake tayari kuruka. Chande alikuja kuangalia, akaniuliza, "Sasa hapa si umeacha nafasi? Ndiyo meza gani hii?" Nikamwambia, hii ni meza ya imani. Sikupanda juu yake. Nikaiwekea mikono nikasema, Bwana, mimi nimeachia, sasa shika wewe.

Meza ikaenda. Nikangoja. Simu ya mudir ikilia, moyo wangu unalia nayo. Wakati wenyewe ulikuwa wa upepo mkavu, mdomo wangu umepasuka tena, nikajua kama kuna siku ya kupasuka meza ni hizi. Kisha asubuhi moja mudir akanijia, uso hausomeki, akasema yule mama ananitaka Al Rayyan. Mimi mwenyewe, kwa jina.

Njia nzima nilihesabu skrubu kichwani. Tukafika, tukaingia chumbani, na meza ile pale. Nikaitazama kichwa mpaka mguu. Hakuna ufa! Sikuamini. Nikaingia chini yake kwa magoti, nikawasha tochi ya simu, nikaangalia zile skrubu. Ndugu zangu, zote nilikuwa nimeziweka katikati ya matundu. Sasa zilikuwa zimefika pembeni! Ubao ulikuwa umesinyaa kweli, umesogea kweli, umepita pale pale nilipouachia njia, na haukupasuka hata unywele! Nikapiga Haleluya huko huko chini, nikajigonga kichwa, yule mama akashtuka, mudir akanivuta mguu akidhani nimeumia. Nilitoka nalia na kucheka kwa pamoja. Yule mama naye akacheka mpaka machozi. Kumbe alikuwa ameniita kuniagiza viti!

Leo nyumba ile imejaa kazi ya mikono hii, na majirani zake wameniagiza vya kwao. Tiketi sijakatiwa. Mudir amenitengea chumba changu cha mbao halisi, na kina AC. Utukufu una Bwana!

Lakini meza si mwisho wa ushuhuda wangu. Nilimpigia mjomba. Nilikuwa sijamsalimia tangu nipande ndege, na siku hiyo sikuwa na hofu naye hata chembe. Nikamwamkia, nikamweleza yote, kuanzia neno lake mpaka skrubu. Akasema, "Mimi nilisema hivyo? Lini?" Alikuwa amesahau! Zile hasira zilimwisha kabla hata sijafika uwanja wa ndege, na mimi nimezibeba kuvuka bahari! Akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa naogopa unaenda mbali." Halafu akaniuliza, "Sasa huyo Yesu wako, useremala anaujua?"

Nikamwambia, "Mjomba! Yesu alikuwa seremala."

Nikamsikia anacheka polepole. "Aa," akasema. "Basi kumbe fundi na fundi mmesikilizana."

Ndugu zangu, mama yangu ameniambia Jumapili iliyopita mjomba alikwenda kanisani. Alikaa mlangoni. Lakini alikwenda!

Namshukuru Mungu, namshukuru Sista Nekesa na kopo lake la vaselini, na wewe Chande, simu yako ibaki bila mtandao hivyo hivyo. Hii meza ndogo ya Biblia ninayoiegemea nimeitengeneza mimi. Baada ya ibada njooni mchungulie chini yake, mtaona matundu marefu.

Na wewe ndugu yangu, dada yangu, uliyeambiwa neno nyumbani kabla hujapanda ndege, ukaja nalo Doha, unalala nalo, kila kazi ikiharibika unalikumbuka. Nakuomba uliache hapa leo. Pengine aliyelisema ameshalisahau, na hata kama hajalisahau, usiliogope. Njoo mbele tuombe pamoja. Fundi yupo.