Mchezo Usiomjua Jirani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyekubali kuja Garsen na jua hili, Mwenyekiti wa bodi ya chuo na wanabodi wenzangu, Mkuu wa chuo na walimu wako, mashehe na wachungaji, wazee wetu wa Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kigiriama mlioketi safu moja leo, jambo ambalo peke yake lilistahili sherehe, wazazi, na ninyi wahitimu, ambao majoho yamewachosha kabla hotuba hazijawachosha: assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nimepewa kazi ya kuwasifu wahitimu wa darasa la biashara, na nimeombwa niseme maneno machache yasiyo na ugomvi. Hilo la uchache nitajitahidi.

Mwaka huu vijana hawa walifundishwa biashara kwa mchezo wa kompyuta. Najua wapo humu walionung'unika kwamba tuliwapeleka watoto wakasome, kumbe wanashinda kwenye gemu. Nawauliza ninyi mnaonung'unika: mmewahi kuucheza? Mimi nimeucheza. Unapewa kipande cha ardhi kati ya barabara na mto, mkopo wa benki, na kibali cha kujenga kiwanda cha sharubati. Baada ya hapo hakuna anayekuhurumia. Umeme hukatika ukiwa umejaza maembe ghalani. Wafanyakazi ukiwapunja hugoma. Mshindani hushusha bei siku ile ile uliyopandisha yako. Mara ya kwanza nilifilisika kabla chai yangu haijapoa, mimi ninayewafundisha watu magazetini namna ya kuendesha nchi. Anayeuita huo upuuzi, na aende akapoteze kiwanda chake kwanza, ndipo tuzungumze.

Lakini si ukali wa mchezo ulionileta kwenye kipaza sauti hiki. Kilichonileta ni swali ambalo mpaka leo halijaniacha.

Mchezo ulipopamba moto, Bi. Bahiya, mwalimu wao wa biashara, binti wa Kipini, aliona jambo. Karibu kila kompyuta ilionyesha kitu kimoja: wanafunzi wamejenga kiwanda, ghala, nyumba za wafanyakazi, kisha wakaacha ukanda mtupu wa ardhi kutoka barabarani hadi mtoni. Alidhani kompyuta zimeharibika, kwamba sehemu ile haikubali kujengwa. Akajaribu mwenyewe, ikakubali. Akawauliza. Mmoja alicheka, mwingine akasema ndivyo inavyokaa, wa tatu akashangaa kama kuna namna nyingine ya kupanga. Na muda wote huo ukanda ule uliwapunguzia alama, kwa kuwa mchezo huhesabu ardhi tupu kuwa uzembe.

Mheshimiwa, wewe ni mgeni huku, kwa hiyo nikueleze kile ambacho wazee hawa wameshakitambua, naona wanatabasamu. Ukanda ule ni malka, njia ambayo mfugaji huachiwa kati ya mashamba ili ng'ombe wake wafike Tana wanywe maji. Ndani ya mchezo hakuna ng'ombe hata mmoja. Hakuna mfugaji. Lakini vijana wa Hewani na Kilelengwani, watoto wa wakulima ambao baba zao wamewafikisha wafugaji kwa chifu kwa sababu ya mahindi yaliyoliwa, waliwaachia njia ng'ombe wasiokuwepo! Nani aliwafundisha? Mtaala haukuwafundisha. Nimesoma vitabu vingi kuhusu uhasama wa mkulima na mfugaji, vingine vimeandikwa na watu waliolala hapa usiku mmoja hotelini, na hakuna hata kimoja kilichoniandaa kwa jambo hili.

Sasa sikilizeni yaliyowapata Danson na Fardosa, maana walicheza kwenye kompyuta moja. Danson ni Mpokomo wa Hewani, kwao ni ndizi na maembe. Fardosa kwao ni ng'ombe, na mama yake huuza maziwa hapa sokoni Garsen. Zawadi ya mshindi ilikuwa jokofu la sola, na hakuna aliyelitaka kuliko Fardosa, kwa sababu maziwa ya mamake yakifika saa sita mchana na jua letu hili huwa yameshaganda. Walikuwa wanaongoza. Siku ya mwisho, Abdiwahab wa Bura akawakaribia, na kilichobaki kuwaokoa ni kujenga ghala la pili. Nafasi ilikuwa moja tu: juu ya ukanda ule.

Ninyi mngedhani binti wa wafugaji ndiye aliyeitetea malka. Nilidhani hivyo pia. Bi. Bahiya alikuwa amesimama nyuma yao, na yeye ndiye aliyenisimulia.

"Jenga," Fardosa alisema.

Danson akaondoa mkono. "Mamako akija na ng'ombe, nimwambie azungukie wapi?"

"Mama yangu hayumo ndani ya kompyuta, Danson. Bonyeza."

"Wewe bonyeza, basi. Ni njia yenu."

Kipanya kilikuwa mbele ya Fardosa, na hakukigusa. Muda ukaisha. Abdiwahab akashinda, na leo atachukua jokofu lake mbele yenu, kwa haki kabisa, mpigieni makofi. Nilimuuliza kwa nini yeye hakuacha njia. Akanijibu kwa adabu kwamba kwao Bura maji huletwa na mfereji, hivyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ng'ombe huyafuata. Sioni kosa katika jibu hilo. Naona tu kwamba kila mmoja alileta kwao ndani ya mchezo, na mchezo ukampa alama yule ambaye kwao palifanana na pale alipotoka aliyeutunga.

Fardosa hakusema na Danson wiki nzima.

Nami udadisi ukanizidi. Nilikwenda chumba cha kompyuta, nikapanga kiwanda changu, nikajenga juu ya ukanda. Alama zikapanda, nikapewa nyota ya dhahabu. Nikarudia mara kadhaa nikitafuta pale ambapo mchezo ungeniadhibu. Haukuniadhibu. Unamjua mteja, unamjua mshindani, unamjua mdai, panya na mvua. Haumjui jirani. Je, ni ujinga wa mchezo huo? Au ni picha halisi ya namna tulivyokubali kuhesabu? Nilikuwa nimekaa pale nikijiuliza hayo Fardosa alipoingia, miguu imejaa vumbi, akaniambia kwamba vigingi vyekundu vya ua mpya vimepigwa kwenye shamba la chuo, vimeshuka hadi ukingoni mwa mto, na vimekatiza malka ambayo ng'ombe wa kwao huipita kiangazi.

Akasema, "Mwalimu, kwenye mchezo tulikosa jokofu. Hapa tutakosa maji."

Niliwapelekea wanabodi wenzangu habari hiyo. Mwenyekiti wangu, nakuheshimu, na nayarudia maneno yako bila kuyapinda: kwamba hati ya ardhi ni ya chuo, kwamba sheria iko upande wetu, na kwamba pampu ya chuo pale mtoni inahitaji kulindwa. Yote ni kweli. Abdiwahab naye alishinda kwa sheria. Lakini pampu huvuta maji kwa bomba, na bomba hufukiwa chini. Ng'ombe akilipita juu halilalamiki. Kinacholindwa na ua ule kwenye malka ni nini basi, kama si ile alama ya ardhi isiyokaa bure? Na siku kiangazi kitakapokaza, wachungaji wafike na mifugo yenye kiu wakute waya, ni nani kati yetu atakayesimama pale kuwasomea hati? Sisi wa Tana tunajua siku kama hiyo huishaje. Tumezika watu.

Msinielewe vibaya, sidai kwamba vijana hawa ni malaika. Fardosa aliitaka ile zawadi, na angeweza kubonyeza. Ninachotaka kujua, na nimewauliza wote wawili, ni nini kilimzuia. Danson anasema aliogopa kumkosea mama wa rafiki yake. Fardosa anasema hajui. Mheshimiwa, nimehudhuria makongamano mengi ya amani, na sijasikia jibu lenye ukweli kuliko hilo.

Wahitimu, hongereni. Bi. Bahiya, ahsante kwa kuuliza pale ambapo wengine wangeita fundi.

Ratiba inasema kwamba nikishuka hapa, Mheshimiwa atakwenda kusimika nguzo ya kwanza ya ua. Nguzo ipo, na shimo limeshachimbwa, katikati ya malka. Asubuhi hii Danson na Fardosa wamechimba shimo la pili, upande huu wa njia. Bodi haikuulizwa, niliwaruhusu mimi, na lawama ziletwe kwangu. Kwa hiyo utakuta mashimo mawili, Mheshimiwa, na nguzo moja. Hakuna atakayekuhesabia alama. Nina hamu kubwa ya kuona utakakoipeleka.

Nawashukuru nyote mlionitegea sikio. Twendeni mtoni.