Safu Moja Iliyozimika

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa karibu na mlango, maana naona baridi inawatuma mtoke kabla sijasema.

Nimeandika ushuhuda huu kwenye daftari. Nikisema kwa kichwa tu nitaanza kucheka, halafu nitalia, na mambo yatachanganyika. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie nikisoma polepole.

Jina langu Sekela. Hapa Iringa mnanijua kama mke wa fundi cherehani wa pale sokoni. Lakini kwetu ni Mbeya, na shamba la mama yangu lilikuwa jirani na uwanja wa ndege, kijito tu katikati. Ah, ndugu zangu, napakumbuka pale! Asubuhi unasikia filimbi ya Mzee Mwinyi, mlinzi wa uwanja, anafukuza ng'ombe ili ndege ipate pa kutua. Mzee huyo wazazi wake walitoka pwani, Mwislamu, kofia yake safi siku zote, na masihara hayamwishi. Mimi nasimama na jembe mkononi, macho juu, mpaka mama anaita, "We Sekela! Unalima ulezi au unalima mawingu?"

Niliota mchana kweupe kwamba siku moja nitapanda ndege na kumwangushia mama pipi shambani. Basi kaka yangu Asajile akanitangulia. Alipata kazi huku Iringa uwanjani, kutia mafuta na kusukuma ndege. Mama alikuwa mjane, na Asajile ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Miaka miwili hatukumwona. Ndipo ikaja barua: rubani mmoja amekubali kumleta Ijumaa, katika ndege ndogo ya injini moja. Barua ile tuliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Sasa sikilizeni jambo la kwetu. Ninyi wa huku mnafyeka na kuchoma shamba lote kwa pamoja. Sisi tunakwatua majani pamoja na udongo wake, tunarundika vichuguu, tunatia moto ndani, halafu tunafukia juu. Moto unaungua polepole bila mwali, na majivu yanakuwa chakula cha ulezi. Mama alinifundisha tangu mdogo: washa, fukia, ndipo uende kichuguu kingine.

Ijumaa ikafika. Tulingoja tangu asubuhi, mama amevaa kanga yake ya kanisani. Jua likazama. Mzee Mwinyi akatupigia kelele kutoka ng'ambo, "Nendeni mkale, jamani! Rubani mwenye akili hatui hapa gizani. Amelala Iringa huyo!"

Mama aliingia ndani. Moyo wangu uliuma.

Hapa ndipo penye kosa langu, ndugu zangu, nami leo nalisema mbele yenu. Mzee Mwinyi alikuwa na makopo ya mafuta ya taa yenye tambi, akiyapanga safu mbili kandokando ya njia ya kutua, mara mojamoja ndege ikichelewa. Mimi nilizipenda mno taa zile. Basi vichuguu vyangu mwaka ule nilivipanga vivyo hivyo, safu mbili zilizonyooka, kwa kucheza tu. Na jioni ile, ili kujifariji, niliviwasha vyote na sikufukia hata kimoja. Niliwaza, kaka hakuja, lakini uwanja wake uko tayari. Vikawaka! Vilipendeza, nikapiga makofi peke yangu.

Mara nikasikia injini.

Bwana wangu! Rubani hakuwa amelala Iringa. Mzee Mwinyi alikimbia kuwasha makopo yake, lakini moshi wa mashamba ya bondeni ulikuwa umetanda upande ule, taa zake zikawa kama macho ya paka mgonjwa. Zangu ndizo zilizong'aa. Ndege ikazunguka mara moja, ikainama bawa, ikaelekea shamba letu. Na mwisho wa shamba letu, ndugu zangu, palikuwa na korongo ambalo ng'ombe akitumbukia hatafutwi.

Niliita, "Yesu, ni mimi niliyewasha! Usimlipishe Asajile!" Mama akatoka na jembe, nyuma yake Mama Neema jirani yetu na mumewe. Mama alitazama juu, akatazama moto, akaelewa.

"Fukia!"

"Mama, ni vingi, hatuwezi!"

"Anzia hapo ulipo!"

Nikaanzia hapo nilipo. Tulifukia kwa majembe, tulifukia kwa mikono. Mama aliacha jembe akawa anakumbatia udongo na kuumwaga, kanga ya kanisani ikaungua pindo. Mume wa Mama Neema alikuwa akipiga kelele, "Hii! Sasa ile! Sasa ile!" Tulimaliza safu moja tu. Moja! Ya pili ilikuwa inawaka yote, na ndege ilikuwa juu yetu. Niliyaona magurudumu. Nikalala kifudifudi, nikasema, Bwana, basi.

Injini ikanguruma kwa nguvu. Ndege ikapanda! Ikapita juu ya korongo, ikazunguka, na baada ya muda tukaisikia ikitua ng'ambo, penye taa hafifu za Mzee Mwinyi.

Aliyoyaona Asajile kule juu alituambia mwenyewe. Rubani alikuwa ameshakata shauri kutua. Asajile akaona taa za upande mmoja zinafifia, moja baada ya nyingine, kama mtu anazifuata kwa jembe. Akamshika rubani bega. "Bwana, panda! Hilo ni shamba la mama yangu, wanafukia! Uwanja uko ng'ambo ya kijito!" Kama tungezimaliza zote asingejua yuko wapi. Na kama tusingefukia hata moja, leo ningekuwa nawasomea mambo mengine. Mungu alitumia safu ile moja.

Mzee Mwinyi alimvusha Asajile kijito kwa mkono, machozi yanamtoka, huku ananigombeza. "We binti! Umenifungulia uwanja wa pili bila kibali? Nani kakuajiri?" Mama hakunigombeza. Alimkumbatia mwanawe na mikono ile myeusi, anasema kwa Kinyakyusa "Ndaga, ndaga," yaani asante, asante, mpaka sauti ikakauka.

Asajile alikuwa amevaa shati jipya jeupe la safari. Mgongoni pakabaki alama mbili za viganja vya mama, masizi na udongo. Hakukubali lifuliwe. Mama sasa amelala kule kwetu, karibu na shamba lake, na shati Asajile alinipa mimi siku tuliyomzika mama. Ninalo hapa. Nalikunjua mlione. Tazameni vidole.

Ndugu zangu, labda wewe uliyekaa hapo umewasha mambo kwa kucheza, na sasa yanawaka safu mbili, na umpendaye anayashukia. Unasema ni mengi, siwezi. Hata mimi nilisema hivyo. Mwite Yesu, na mikono yako iingie udongoni. Hakuningoja nimalize, wala hatakungoja wewe umalize.

Anzia hapo ulipo.