Spéciose, Aliyekubali Kubebwa

Mchungaji, majirani, jamaa na marafiki, mimi ni Gélase, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Spéciose Nibaruta, na mkiniona natabasamu mahali pa kulia, mnisamehe, kwani habari hii ina furaha ambayo sitaweza kuificha.

Spéciose alizaliwa Nyakabiga tarehe 9 Juni 1977, mtoto wa kwanza wa mzee Aloys, na wazazi wetu walipofariki mwaka 1986 tulilelewa na shangazi, ambaye alitupa yote aliyokuwa nayo, na ambaye kwake mtoto alikula baada ya kumaliza kazi. Simlaumu, tulikuwa wengi, lakini dada alijifunza hapo kwamba sahani ni ya aliyeistahili.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1991, akaajiriwa mwaka 1996 katika kiwanda cha sabuni, kule eneo la viwanda, Zone Industrielle, na tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa ya serikali na Darius, wakahamia Carama, wakajaliwa Olga na Xavier.

Kanisani aliingia darasa la ubatizo mwaka 2004, 2009, 2013 na 2018, akajibu maswali vizuri kuliko sisi sote, na kila mara, siku moja kabla ya ubatizo, alijitoa, akisema bado hajafanya vya kutosha Mungu ampokee, kisha akarudi kufagia kanisa na kupikia wagonjwa, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwaminisha kwamba anapendwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 2024 alianguka uani, mjini hakuna petroli, hakuna teksi, basi majirani wakamlaza katika ingobyi, machela ile ya kubebea wagonjwa milimani, tukaanza safari ya kituo cha afya Kinama, wanne wanne tukipokezana. Mara tatu alitaka kushuka atembee, asituchoshe, mpaka Moubarak, jirani yetu fundi magari, akampigia kelele mbele ya watu: "Mama Olga, we apana shuka! Leo kazi yako ni kulala, kubeba ni kazi yetu!"

Akacheka, akalia, kisha, ndugu zangu, akaanza kuimba, na mimi niliyeshika mti wa nyuma nikamsikia akisema, "Gélase, kumbe Mungu ananipenda hivi! Sijafanya kitu, na nimebebwa!" Wapita njia walidhani tunapeleka bibi harusi.

Alibatizwa ziwani Jumapili tarehe 1 Desemba 2024, Darius akimshika mkono, akatoka majini akipiga vigelegele mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna muuguzi wala mgonjwa wa kitanda cha jirani ambaye hakusimuliwa jinsi alivyobebwa. Alifariki tarehe 21 Januari 2025, saa nne asubuhi, Olga akiwa kando yake, bila kumwomba mtu radhi kwa kumsumbua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, kanisa, na majirani wa Carama, Wakristo na Waislamu, ambao mabega yao yalimfundisha kile ambacho mahubiri yetu hayakuweza.

Dada, pumzika kwa amani, ile ile uliyoipokea ungali hai, ukaifurahia siku hamsini na moja tangu ulipotoka majini, nasi tukaiona kwa macho yetu.